Nani Mwenye Nyumba ya Bigwa

Pili Rehani hakupanda Bigwa kumtafuta Mzee Alois. Alipanda kutafuta uwanja. Familia moja yenye mtoto wa kipaimara ilikuwa imekodi kwake viti sitini, maturubai mawili na spika, halafu siku tatu kabla ya sherehe ikagundua kwamba ua wao hautoshi hata kugeuza toroli. Mteja aliyekosa uwanja huvunja oda, na Pili hakuwa mtu wa kukaa akiangalia oda inavunjika. Akaacha kirikuu chake, kile kigari cha kubebea viti, chini barabarani, akapanda mlima kwa miguu, akichungulia nyua za watu kama anayetafuta kuku aliyepotea.

Ua wa Alois ulikuwa mpana na tambarare, mahali ambapo mlima hautoi tambarare ya bure. Mtu alikuwa ameukata kwa jembe, mwaka hadi mwaka, akauzungushia ukuta wa mawe na ngazi za mawe za kushukia njiani. Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, bati halijashika kutu. Mlangoni mzee mrefu mwembamba alikuwa akibambua maharage mabichi.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu sana." Alisimama upesi kuliko umri wake, maharage yakamwagika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Umetoka mbali? Nikuletee maji?"

Pili hakukaa. Kanuni yake ilikuwa hiyo tangu enzi za kuuza vitumbua kwenye beseni: usikae kwa mtu kabla hamjasemezana bei, maana ukishakaa umekuwa mgeni, na mgeni hapunguziwi. Akaeleza shida yake akiwa wima, huku kichwani ana bei tatu, ya kuanzia, ya kati na ile ya mwisho kabisa.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Sitaki hela," akasema.

Hapo Pili akaingiwa na hofu. Mtu anayetaka hela unajua anachotaka.

"Unataka nini basi, mzee wangu?"

"Sherehe ikiisha Jumapili, viti usivichukue siku ileile. Njoo Jumatatu. Na msivipange. Viacheni kama walivyoviacha watu."

"Una mkutano wako?"

"Sina mkutano."

"Vikiibiwa?"

"Mimi nipo. Nitaenda wapi?"

Pili akapiga hesabu yake. Jumatatu viti havina kazi, hulala stoo tu. Uwanja bure, ulinzi bure. Akampa mkono haraka, asije akabadili mawazo.

Jumatatu alipofika akakuta viti vyote sitini vimefutwa kwa kitambaa cha maji na kurudishwa palepale vilipokuwa, vingine vimegeukiana, vingine vimesogezwa kivulini. Alois akawa anatembea katikati yake.

"Hapa alikaa yule mama wa kitenge cha njano. Alicheka mpaka akapaliwa, wakampiga mgongoni. Na hapa kulikuwa na wazee wawili wanagombania siku ya kuzaliwa kwao, kila mmoja anasema yeye ni mkubwa. Hawa wa hapa walikuwa wachumba, nadhani. Walikuwa hawasemeshani."

Pili alikuwa akipanga viti kumikumi. Ila alisikia. Na kwa kuwa viti vilivyofutwa vilimwokoa kumlipa mtu wa kufuta, akaamua moyoni kwamba uwanja huu hataupoteza.

Wakaendelea hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Komunyo, send-off ndogondogo, vikao vya harusi. Pili alikuwa hapendi habari za watu, lakini za Alois zilimfikia kidogokidogo, kama maji ya mlimani yanavyofika mjini bila kuitwa.

Alizaliwa Mgeta, akashuka akiwa kijana, akapata kazi ya ufundi kiwandani Mzinga, akaifanya mpaka akastaafu. Alimuoa Winfrida, fundi cherehani, Mluguru wa hapahapa Bigwa. Mungu hakuwapa mtoto. Nyumba aliijenga yeye kwa mshahara wake, tofali hadi bati. Lakini kiwanja kilikuwa cha ukoo wa Winfrida, maana kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama. Mwanamume akioa huko, analima pa mke wake, anajenga pa mke wake, na mke akifa bila mtoto, yeye ni mtu aliyebaki kwenye shamba la watu. Kiwanja hakikupimwa, hati hakuna. Katika daftari la mtaa nyumba iliandikwa kwa jina la Winfrida, naye Winfrida alikuwa amezikwa mwaka wa tatu sasa.

Msemaji wa ukoo alikuwa kaka yake marehemu, Leonard, mkulima wa mpunga kule Dakawa. Kila baada ya mavuno alikuja. Mara moja Pili alimkuta, mnene, kofia mpya, anapima ua kwa hatua zake.

"Shemeji, ukoo umekuvumilia," Leonard alikuwa akisema kwa sauti ya kutaka na majirani wasikie. "Arobaini tulivumilia, mwaka tukavumilia. Sasa na wewe uwe muungwana. Kwenu ni Mgeta. Kwa mama yako hawakukatai."

"Kwa mama yangu walionijua wamekwisha, Leonard. Nikifika nitaanza kujieleza mimi ni nani."

"Utajieleza! Mdomo si unao?" Akacheka, akamgeukia Pili. "Na wewe mama wa viti, tafuta uwanja mwingine mapema. Baada ya Pasaka hapa tunauza."

Leonard alipoondoka, Alois aliokota jiwe lililodondoka ukutani, akalirudisha mahali pake. Halafu akasema, bila kumtazama Pili, "Humu ndani ndimo ninamojua kila msumari. Wakinitoa sina pengine pa kujua kitu."

Pili akafunga turubai lake. Alifikiri, huyu mzee ana nyumba ya mdomoni tu, na mdomo wenyewe ni wa mtu mwingine.

Mwezi Novemba wakaja vijana. Kidato cha nne walikuwa wamemaliza mtihani, na kundi moja la kama thelathini likataka sherehe yao wenyewe, bila walimu, bila wazazi. Aliyetumwa ni binti mmoja, Juliana, mwenye adabu ya kutosha kuuza maji kisimani.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama. Sisi tunataka mchana tu, saa nane hadi saa kumi na mbili. Muziki kidogo, pilau, juisi."

"Mtu mzima atakuwepo nani?" Pili akauliza. Hakuuliza kwa uchungu wa mama. Aliuliza kwa sababu ya spika.

"Mimi nipo," Alois akadakia.

"Mzee, watoto thelathini si kipaimara."

"Nimesema nipo."

Pili akaacha. Uwanja haukuwa wake, na oda ilikuwa nzuri.

Kilichotokea Jumamosi ile ya sherehe Pili hakukiona, alikuwa na msiba Mazimbu wa kupelekea maturubai. Alikuja kukijua kwa vipande. Pilau ililiwa. Muziki ulipigwa. Juisi ya pasheni ilikuwa kwenye ndoo kubwa yenye kifuniko, na kaka wa kijana mmojawapo, mtu mzima wa miaka ishirini na tano, alikuwa ameleta chupa za pombe kali ndani ya begi la shule, zikamiminwa zote humo. Kufika saa kumi watoto walikuwa wanacheka ovyo. Saa kumi na moja, Happiness, miaka kumi na sita, alitaka kushuka ngazi za mawe akatapike mbali na wenzake. Akazivuka zote kwa hatua moja. Akavunjika mfupa wa bega, akapasuka paji la uso, na pale chini akawa haamki. Wenzake wakatawanyika. Alois ndiye aliyembeba hadi barabarani, akasimamisha bodaboda, akamshikilia katikati mpaka hospitali.

Mtoto alipona. Lakini siku mbili za kwanza hakuna aliyejua kama atapona, na siku mbili hizo zinatosha mtaa mzima kutafuta mtu wa kumbebesha lawama.

Jumatano wakaitwa ofisi ya mtaa. Pili alikwenda kwa sababu spika yake na viti arobaini vilikuwa vimefungiwa stoo ya ofisi kama ushahidi, na msimu wa harusi za Desemba ulikuwa unakuja. Mtendaji alikuwa mwanamke kijana, Pendo, mwenye sauti ndogo na kalamu mbili. Walikuwapo Alois, kwenye benchi la ukutani, mwenyekiti wa mtaa, askari wa kata, na Esther, mama yake Happiness, aliyekaa karibu na mlango kama mtu anayezuia watu wasitoke.

"Aliyeleta chupa amekimbia, polisi wanamtafuta," Pendo akaanza. "Huyo ana mzigo wake. Lakini watoto wamenyweshwa pombe ndani ya ua wa nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Sheria ya mtoto haina mchezo. Atagharamia matibabu, na faili litakwenda mbele. Sasa, mwenye nyumba ni nani? Daftari linasema Winfrida, na Winfrida ni marehemu."

"Mimi nililetewa oda ya viti tu," Pili akasema.

"Sijakuuliza wewe, mama."

Ndipo Leonard akaingia. Alikuwa ameitwa kwa simu kutoka Dakawa, ameambiwa tu kuna jambo la nyumba ya Bigwa, naye akavaa koti. Akasalimia, akakaa, akaweka mguu juu ya mguu.

"Afadhali mmeniita, maana nilikuwa nakuja mwenyewe. Ile nyumba nimeisema miaka mitatu. Ni ya ukoo, ya lukolo, huyu mzee ni mpangaji asiyelipa."

"Kwa hiyo mwenye nyumba ni ukoo?"

"Naam."

"Na ukoo unasemewa na nani?"

"Na mimi. Mimi ndiye mjomba, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Hata duma akizaa pale, namsemea mimi."

Mwenyekiti akacheka. Pendo hakucheka. Akavuta daftari, akachukua kalamu ya pili. "Vizuri sana. Basi ni wewe niliyekuwa nakutafuta." Akamsomea. Watoto thelathini, pombe kali, binti wa miaka kumi na sita, bega, paji la uso, matibabu, polisi.

Mguu wa Leonard ukashuka.

"Ngoja kwanza. Mimi naishi Dakawa. Nalima mpunga. Pale Bigwa mimi hata kijiko sina."

"Umesema wewe ndiye mwenye nyumba."

"Nimesema ukoo, dada yangu, ukoo ni maneno ya wazee! Nyumba nani alijenga? Si huyu? Nani analala mle? Nani aliwafungulia watoto? Mwenye nyumba ni yeye. Mimi pale sina kitu."

Esther akasonya kwa nguvu. Lakini Pili alikuwa ameinua kichwa. Miaka ishirini na kitu amekaa kwenye mapatano, alijua sauti ya mtu anayeachia kitu bila kujua amekiachia.

"Mtendaji," akasema taratibu, "hilo naomba liandikwe."

"Wewe mama wa viti unaingilia nini?" Leonard akamgeukia.

"Nataka viti vyangu, kaka. Havitoki stoo mpaka kesi ipate mwenyewe. Wewe umesema huna kitu pale, si ndiyo? Au unacho?"

"Sina!"

"Wala ukoo?"

Leonard akamtazama askari, akamtazama Esther pale mlangoni. "Wala ukoo. Andika, nitie sahihi niondoke, mashine ya kukoboa inanisubiri."

Pendo akaandika. Leonard akatia sahihi kama msemaji wa ukoo, mwenyekiti akashuhudia, muhuri ukagongwa. Haikuwa hati ya kiwanja. Lakini pale ambapo hakuna hati, karatasi yenye muhuri na sahihi ya mjomba ndiyo silaha ambayo watu hupigana nayo, na ukoo usingepata tena karatasi ya kuijibu.

Pili akajisogeza kwenye benchi mpaka karibu na Alois. Akamnong'oneza. "Mzee, sikiliza vizuri. Kubali nyumba. Pombe kataa. Sema ulijua ni juisi. Ulikuwa ndani, wewe ni mzee, nani atakupinga? Matibabu tutayaongea, faili litakuwa jepesi, nyumba unayo."

Ilikuwa biashara bora kuliko zote alizowahi kumpangia mtu, na hakuwa akitoza kitu.

"Mzee Alois," Pendo akauliza, "unakubali kwamba wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Nakubali." Alilisema kwa sauti ambayo Pili hakuwahi kuisikia kwake, ya mtu aliyekuwa akilitunza neno hilo mahali. "Nyumba ni yangu. Nimeijenga mimi."

"Na ile juisi ulijua ina pombe?"

Pili akamkanyaga mguu.

Alois akautazama mguu wa Pili, kisha akainua macho. "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Walinipa kikombe cha kwanza. Watoto wenye heshima, walisema babu aanze. Nikaonja. Mtu aliyefanya kazi kiwandani miaka thelathini anaijua pombe kali ikigusa ulimi tu."

Esther akasimama. "Ulijua? Saa ngapi hiyo?"

"Saa nane na nusu, mama."

"Saa nane na nusu! Mwanangu ameanguka saa kumi na moja! Saa zote hizo ulikuwa na mdomo, kwa nini hukuutumia?"

"Ningesema wangeondoka."

 Nje mtu alikuwa akinadi mchicha, akapita, sauti yake ikashuka na mtaa.

"Wangeondoka," Esther akarudia, polepole, kama anapima uzito wake. "Mtoto wangu ana miaka kumi na sita, wewe unataka wa kukaa naye."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Sikusamehe. Labda siku nyingine. Leo sikusamehe." Akakaa tena.

Pili alijisikia moyoni kama mtu anayetazama mwenzake akimwaga maziwa njiani kwa makusudi. Mzee alikuwa na kila kitu mkononi, na neno moja ambalo hakuna aliyemlazimisha kulitoa, akalitoa. Baadaye alijaribu kumkasirikia kabisa, akashindwa kidogo, na hilo nalo likamuudhi.

Kukiri kulifanya faili liwe zito kama Pili alivyojua. Alois akapelekwa mahakamani. Akakiri tena, mara ya pili bila hata kuulizwa vizuri. Kwa umri wake na kwa kumbeba mtoto hakufungwa. Akatozwa faini, akaamriwa alipe hospitali, na ua wake ukapigwa marufuku kwa mkusanyiko wowote, wa watoto au wa watu wazima, amri ikabandikwa hata ofisi ya mtaa watu wasome. Pensheni haikutosha. Akauza cherehani ya Winfrida, ile ya miguu, na aliyeinunua ni Pili. Hakumpunja. Hakumzidishia pia. Alimpa bei ya soko, na mzee akapokea bila kuhesabu mbele yake.

Walikutana mara ya mwisho kwa shughuli mwezi Februari, palepale ofisi ya mtaa. Pendo alitaka kurekebisha daftari, jina la marehemu liondolewe, na alihitaji shahidi asiye jirani. Pili akaja kwa sababu aliahidi, kirikuu kikingoja nje na mzigo wa Kihonda. Leonard alikuwa amekwisha kuja mara mbili, sauti imepungua, akiuliza kama ile karatasi inaweza kuandikwa upya. Akaambiwa haiwezi. Alikuwa amesahau faini aliyoikwepa, sasa alikuwa anaona kiwanja tu.

Alois alivaa shati jeupe. Alikonda zaidi. Alimsalimu Pili kama mtu anayeogopa kumpotezea muda.

"Watu wanapita?" Pili akamuuliza, ili kusema kitu.

"Wanapita. Njia ni ileile." Akafikiri. "Watoto wanavuka upande wa pili wakifika kwangu. Wazazi wamewaambia. Wana haki."

"Na yule Happiness?"

"Niliambiwa mkono unanyanyuka mpaka hapa." Akaonyesha usawa wa sikio. "Mama yake hakunisalimu, lakini alituma mtu aniambie."

Pendo akafungua ukurasa mpya. Akaandika namba ya nyumba iliyo kwenye kibao, akaandika jina, Alois Kasiani, akamgeuzia daftari asome. Mzee akalisoma muda mrefu kuliko urefu wa jina lenyewe.

"Ni sahihi?"

"Ni sahihi."

"Mmiliki, ndiyo. Vyumba?"

"Vinne."

"Wapangaji?"

"Hakuna. Nilitangaza, hajaja mtu."

Kalamu ikateremka hadi mstari wa chini. "Idadi ya wanaoishi humo?"

Alois akamtazama Pili, kana kwamba hili nalo huenda lina bei ya kuanzia na bei ya mwisho. Pili alikuwa ameshashika funguo za gari. Uwanja aliupoteza, wa kuufananisha nao mjini kote hajaupata. Viti alirudishiwa vyote, na cherehani sasa inamshonea maturubai yaliyochanika. Hakuwa na la kumwongezea mzee.

"Mmoja," Alois akasema.

Pendo akaandika. Pili akatia sahihi yake chini, akaaga, akatoka kuwahi Kihonda.